Behewa la chakula

Behewa la chakula ni behewa la treni lenye jiko upande mmoja na meza upande wa pili, ambamo abiria hula safari ikiendelea. George Pullman alilianzisha nchini Marekani mwaka 1868 kwa behewa aliloliita Delmonico. Umbo lake liliigwa na vibanda vya chakula vya barabarani vya nchi hiyo: kampuni ya Worcester Lunch Car, iliyoanza 1906, iliviunda kiwandani vikiwa kamili, ingawa vingi havikuwahi kuwa mabehewa ya treni.

Nchini Kenya, reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu Desemba 1901, treni hazikuwa na majiko. Zilisimama Voi na Makindu, abiria wakashuka kula kwenye nyumba za wageni. Mabehewa ya chakula yalikuja baadaye, na chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, yakapata sifa: vitambaa vyeupe mezani, visu na uma zenye nembo ya reli, na mhudumu aliyepita vijia vya mabehewa akigonga marimba ndogo kuwaita watu zamu kwa zamu.

Kisii na Nyamira, katika milima ya Gusii kusini mwa Kisumu, hazijawahi kuwa na reli. Mkazi wa nyanda hizo aliyetaka kupanda treni ya usiku kwenda Nairobi ilimbidi kwanza ashuke hadi Kisumu, kwa barabara au, zamani, kwa meli kutoka Kendu Bay. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu milima ya Gusii ndiyo yenye ndizi na majani chai, vitu ambavyo jiko lolote la safari huvihitaji.

Huduma ya abiria kwenye njia ya Kisumu ilidorora, ikasimama kwa miaka, ikarejea Desemba 2021 baada ya njia ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, yenye kilomita 217, kukarabatiwa. Kwa upande wa Mombasa, treni ya zamani ya usiku iliiachia nafasi reli ya kisasa mwaka 2017.

Kulifufua behewa la chakula la zamani ni kazi ngumu kuliko behewa la viti. Uharibifu huanzia jikoni: maji ya kuoshea vyombo hupenya sakafu, mbao huoza na fremu ya chuma iliyo chini hushika kutu, huku kuta za chumba cha kulia zikionekana nzima. Fundi mwangalifu hufumua sakafu kabla ya kugusa rangi. Kisha hukagua tangi la maji, bomba la moshi, breki na dainamo inayozungushwa na ekseli ili kuchaji betri za taa. Jiko la makaa huleta swali zito zaidi: libaki kwa ajili ya historia, au libadilishwe kwa gesi ili wapishi wafanye kazi kwa usalama? Linalofaa ni kulihifadhi lile la zamani mahali pake na kupikia jipya, maana behewa lisilopika limepoteza nusu ya thamani yake. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa 1971, huhifadhi mabehewa ya kale pamoja na vifaa vya reli.

Hata nyanda za Gusii huenda zikapata reli: mpango wa kuendeleza reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu umechorwa kupitia Narok, Bomet na Nyamira.