Kutubu ni Kurudi

Sisi watu wa Nzega tumeizoea mikutano ya injili. Vipaza sauti vinafungwa uwanjani, kwaya inaimba, mhubiri anapandisha sauti, halafu inakuja ile sala ya toba ya kufuatisha maneno. Dakika mbili tatu, amina, watu wanatawanyika. Nimeandika habari za mikutano ya namna hii mara kadhaa, na sina shaka kwamba wengi wanaopita mbele huwa wamechomwa moyo kweli. Ninachojiuliza ni hiki: kesho yake inakuwaje?

Tuanze na neno lenyewe. "Kutubu" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ya msingi ni kurudi. Uislamu ulifika Tabora kwa njia ya misafara, ile njia ya wapagazi, pembe za ndovu na watumwa. Wamisionari wa Kikristo walipokuja nyuma yake walilikuta neno limeshakaa katika Kiswahili, wakalitumia. Lilikuja na masharti yake: katika mafundisho ya Kiislamu, aliyemdhulumu mtu hajatubu sawasawa mpaka amrudishie haki yake. Na Mkristo naye hawezi kusema hajui jambo hilo, maana Zakayo wa Injili ya Luka aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Hapa wilayani kwetu, misheni ya Ndala ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1896. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameweka sharti kwamba anayetaka ubatizo afundishwe na kutazamwa kwa miaka 4. Kwa haraka zetu za leo, miaka 4 ni mingi mno. Lakini fikiria maana yake: moyo unaweza kuchomwa siku moja, ila maisha hayageuki siku moja. Jirani, mke, mdai wako, wote wanahitaji muda wa kuona kama umegeuka.

Ukanda huu ulikuja kuona njia nyingine, kali zaidi. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Wengi wanauhesabu mkutano ule kuwa chemchemi ya Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Balokole hawakutubu kimoyomoyo. Walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi kwa jina, kisha wakaenda kurudisha walichoiba na kuwaomba radhi waliowakosea. Viongozi wa kanisa nao hawakuachwa salama, maana walihubiriwa watubu kama watu wengine. Mwaka 1941 mvutano ulilipuka katika chuo cha theolojia cha Mukono, na wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, wakafukuzwa.

Kati ya watu wa Uamsho, ninayemkumbuka zaidi ni Festo Kivengere, ambaye baadaye alifundisha shule pale Dodoma na mwishowe akawa askofu Uganda. Baada ya kuokoka, dhamiri ilimsumbua kuhusu mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Akapanda baiskeli, akaenda maili zipatazo 50 kumwomba msamaha. Zigeuze kilomita: kama 80 hivi, kwa barabara za enzi zile! Si kwamba Afrika haikuwa na sababu ya kuwakasirikia wakoloni. Ila Kivengere aliona chuki yake ni mzigo wake mwenyewe, na ni yeye wa kuupeleka mahali pa kuutua.

Lakini tusiipambe historia. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo nchi iliyochinja watu wake mwaka 1994, hata ndani ya makanisa. Wapo Wakristo waliokataa kuua, na wengine walilipa kwa maisha yao. Hata hivyo swali linauma: inawezekanaje watu wajifunze kuungama wizi na ulevi, halafu dharau ya kabila zima ipite bila kuguswa? Jibu langu ni kwamba dhambi ya mtu mmoja ina anwani. Unajua mbuzi ni wa nani, unajua pa kumrudisha. Dhambi ya kundi haina mlango wa kubisha, kwa hiyo kila mmoja anajiona hahusiki. Ndiyo maana hata sisi wa njia ya misafara tunahubiri toba kila wiki, lakini ni nadra kuwataja waliopitishwa humu kwa minyororo.

Kwa hiyo sala ya kufuatisha maneno siibezi. Ni mlango, na mtu huingia nyumbani kwa kupitia mlango. Ninachosema ni kwamba mhubiri akishasema amina, angeongeza swali moja la kwenda nalo nyumbani: una kitu cha nani, na utakirudisha lini?