Nani Atapanda Ngazi? Safari Ndefu ya Shamba la Matufaha la Kujichumia

Karne moja iliyopita, kuchuma matufaha ilikuwa kazi ya watu wasioogopa kupanda juu. Mtufaha wa kale, ukiachwa ukue, ulifika mita nane au tisa, na matunda yenye rangi nzuri yalikaa kileleni linakopiga jua. Mchumaji alibeba ngazi ndefu iliyochongoka juu, akaipenyeza katikati ya matawi, akapanda na mfuko wa turubai kifuani. Mfuko ukijaa ulikaribia kilo 20. Alishuka nao kwa tahadhari, akafungua kitako chake na kuyaachia matunda yateleze taratibu sandukuni, maana tufaha likigongwa leo, kesho lina doa la kahawia. Kisha akapanda tena, na tena, mpaka jua likazama.

Sasa tazama mashamba yaliyo pembezoni mwa Boston, au katika bonde la mto Hudson, Jumamosi yenye jua mwezi wa Septemba. Magari yamepanga foleni hadi barabara kuu. Waliomo ndani ni wahasibu, wauguzi, walimu na watoto wao, na wamekuja kulipa ili waifanye kazi ile ile. Wananunua mfuko mtupu getini, wanapanda trela linalokokotwa na trekta, wanashushwa kati ya mistari ya mitufaha, wanachuma. Kazi ya kibarua imegeuka kuwa matembezi ya familia. Mageuzi hayo yamechukua muda mrefu, na sehemu kubwa yake haihusu utamu wa tunda hata kidogo. Inahusu swali moja ambalo kila mwenye shamba la matufaha amelikabili: nani atapanda ngazi, na atalipwa nini?

Chimbuko la tufaha tunalolijua ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty, akakuta mitufaha ya mwituni imefunika miteremko: mingine yenye matunda madogo machungu, mingine yenye makubwa na matamu. Akaamua kwamba hapo ndipo nyumbani kwa tunda hili. Utawala wa Stalin ulimtupa jela, akafia humo, huko Saratov, mwaka 1943. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mtufaha mwitu wa milima hiyo ndiye babu mkuu wa matufaha ya shambani. Wachumaji wa kwanza, basi, walikuwa dubu. Wao hupanda bila ngazi, huchagua matunda makubwa na matamu, na humwaga mbegu kila waendako. Uteuzi wao, mwaka baada ya mwaka, unadhaniwa kuchangia kulikuza tunda kabla binadamu hajaingia na shoka na kisu chake.

Binadamu alipolibeba tufaha kuelekea magharibi kwa njia za misafara, alikutana na kikwazo: mbegu ya tufaha haizai tunda kama la mama yake. Panda mbegu za tunda moja tamu, utapata miti isiyofanana, na mingi itazaa matunda makali ya kukunja uso. Dawa yake ni kubebesha. Unakata kijiti cha mti unaoupenda na kukiunganisha kwenye shina la mwingine, kama wafanyavyo wakulima wetu wa maembe. Wagiriki na Warumi waliujua ufundi huo vizuri, na bila huo tusingekuwa na aina za matufaha zenye majina. Kila mti wa aina moja ni kipande cha mti mmoja wa kwanza.

Walowezi wa Kiingereza walipovuka Atlantiki walikwenda na tufaha lao. Kasisi William Blaxton alikuwa na bustani ya miti hiyo mahali palipo Boston ya leo tangu miaka ya 1620. Lakini kwa muda wa karne mbili Wamarekani wengi walikunywa matufaha yao zaidi ya kuyatafuna: yalikamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, ikawa pombe ya kila meza ya shamba, na watoto nao wakipewa iliyo hafifu. Ndiyo maana John Chapman, yule aliyeimbwa na kuchorwa kwa jina la Johnny Appleseed, aliweza kupita Ohio na Indiana akiotesha vitalu vya mbegu bila kubebesha hata mche mmoja. Hadithi za watoto humfanya mtakatifu wa matunda. Kwa kweli aliwauzia walowezi malighafi ya pombe, na sioni aibu yoyote katika hilo. Alifariki mwaka 1845 akiwa na mashamba yake kadhaa.

Tufaha la pombe halimsumbui mchumaji. Unautikisa mti, unapiga matawi kwa ufito mrefu, watoto wanaokota, nguruwe wanamalizia. Doa si kitu, kwani yote yanaingia kinuni. Taabu ilianza pale tufaha lilipoanza kuuzwa kwa sura yake. Reli ziliyafikisha mijini. Vyama vya kupinga ulevi vilipiga vita pombe yake, hadi ikaja marufuku ya kitaifa ya mwaka 1920. Wauzaji wakatangaza tunda la kula, jekundu, lisilo na kovu. Ndugu Stark wa Missouri walinunua mwaka 1894 haki za tufaha lililoota lenyewe katika shamba la Jesse Hiatt huko Iowa, wakaliita Delicious, nalo likaja kutawala maduka kwa miongo mingi ingawa ladha yake ilizidi kufifia kadiri wekundu wake ulivyoongezwa. Tunda la namna hiyo lilitaka mkono wa mtu, moja moja.

Majira ya baridi ya 1933 na 1934 yaliiua mitufaha mingi ya aina ya Baldwin, iliyokuwa nguzo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Nafasi yake ikachukuliwa na McIntosh, aina iliyogunduliwa Ontario mwaka 1811, inayostahimili baridi. Lakini McIntosh ina tabia ya kujidondosha ikishaiva, na ngozi yake ni nyepesi. Chelewa siku chache, nusu ya mali iko chini. Kisha Vita Kuu ya Pili vikawachukua vijana. Mwaka 1943 serikali ya Marekani ilikubaliana na Jamaika na visiwa jirani kuleta vibarua wa msimu, na mpango huo, kwa majina tofauti ya viza, haujafa mpaka leo. Wanaume wa Kijamaika wamechuma matufaha ya New England kwa vizazi. Wapo wanaorudi shamba lile lile kila Agosti kwa miaka ishirini au zaidi. Mgeni anayepiga picha na mwanawe kwenye mistari ya mbele hawaoni, kwa kuwa wao wako mistari ya nyuma wakichuma tunda la kupeleka sokoni. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kutazamwa zaidi katika mashamba haya: aina mbili za wachumaji, ardhi moja, mmoja analipwa na mwingine analipa.

Ili huyo wa pili aweze kuingia, ilibidi mti ushuke. Kazi hiyo ilifanyika Uingereza. Kituo cha utafiti cha East Malling, katika mkoa wa Kent, kilianzishwa mwaka 1913, na Ronald Hatton akaanza kukusanya na kupanga mashina ya chini ambayo wakulima wa Ulaya walikuwa wakibebeshea bila utaratibu. Aliyapa namba. Lile la tisa, M.9, lilikuwa limetokea Ufaransa katika karne ya 19; aina yoyote ukiibebesha juu yake hubaki fupi, mita mbili na nusu au tatu, tena huzaa baada ya miaka miwili au mitatu badala ya kusubiriwa karibu muongo mzima. Mizizi yake ni dhaifu, kwa hiyo mti lazima ufungwe kwenye nguzo na waya. Lakini mtoto wa miaka sita analifikia tunda akiwa amesimama chini. Wamarekani walichelewa kuupokea mti huu. Ulienea kwao hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Palipopandwa, ngazi zikabaki ghalani, na kampuni za bima zikapumua.

Wakati huo huo mkulima mdogo alikuwa anabanwa. Franklin Kidd na Cyril West, watafiti wa Cambridge, walikuwa wameonyesha kwamba tufaha likifungiwa penye oksijeni kidogo hulala bila kuoza, na ghala la kwanza la biashara la namna hiyo lilijengwa karibu na Canterbury mwaka 1929. Teknolojia hiyo ilipoenea, mashamba makubwa ya jimbo la Washington, yenye maji ya umwagiliaji, yaliweza kuuza tunda la Oktoba hadi kiangazi kilichofuata. Mwenye ekari thelathini Massachusetts hakuweza kushindana nayo kwa bei. Alichokuwa nacho ni kitu kimoja: jiji liko saa moja tu kwa gari.

Kuruhusu wateja wajichumie kulianza kwa kubahatisha wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, bei zilipokuwa hazirudishi hata ujira wa mchumaji, kukapamba moto miaka ya 1970. Mwaka 1976 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhimiza mkulima amuuzie mlaji moja kwa moja. Uingereza ilianza na stroberi. Ted Moult, mkulima wa Derbyshire aliyekuwa pia mtangazaji, alikuwa miongoni mwa waliofungua mashamba yao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wateja wa enzi ile walikuja kwa hesabu. Akina mama walijaza masanduku, wakarudi nyumbani kusindika kwenye chupa za kupitishia majira ya baridi.

Baadaye watu wakaacha kusindika, na hapo mashamba yangeweza kufa. Yalipona kwa kuuza siku badala ya kilo. Zikaja donati zilizokandwa kwa maji ya tufaha, kuwalisha mbuzi, maboga. Mwaka 1993 kukatengenezwa huko Annville, Pennsylvania, njia za kupotezana ndani ya shamba la mahindi, na watu wakalipa kiingilio wapotee. Msomaji wa Songea aliyewahi kumtafuta ng'ombe katika mahindi ya jirani na acheke kidogo.

Kuchuma kwenyewe kuna adabu yake. Usilivute tunda. Likamate kwa kiganja, linyanyue kuelekea juu huku ukilizungusha kidogo. Lililoiva litaachia lenyewe na kikonyo chake. Ukilivuta kwa nguvu utang'oa pia kitawi kifupi lilipokaa, chenye kitumba cha mwaka ujao, na mengine mawili yatadondoka kwa mtikisiko. Wenye mashamba huyasema haya getini kila siku, na kila jioni huokota chini matunda yaliyoumwa mara moja yakatupwa. Hiyo ni gharama ya biashara, nayo imo ndani ya bei ya mfuko.

Hali ya hewa ndiyo haijui bei. Mwaka 2012 joto la mwezi Machi liliiamsha mitufaha ya Michigan kabla ya wakati wake, baridi ikarudi, na karibu asilimia 90 ya mavuno ikapotea. Mei 2023 sakitu ya usiku mmoja iliunguza maua toka New York hadi Vermont. Shamba la wageni likikosa matunda halina la kuwaonyesha. Wajapani wa Aomori walipata njia ya ajabu zaidi: kimbunga cha Septemba 1991 kilipoangusha sehemu kubwa ya matufaha yao, waliyauza machache yaliyosalia kama hirizi kwa wanafunzi wanaoogopa kuanguka mtihani.

Mfano unaotugusa zaidi uko Batu, nyanda za juu za Java Mashariki, nchini Indonesia. Hakuna majira ya baridi huko ya kuulaza mti, kwa hiyo wakulima huupukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, nao hudanganyika ukachanua tena, mara mbili kwa mwaka. Wageni kutoka Surabaya hulipa kiingilio, hula watakavyo shambani, na hupimiwa wanayobeba. Lakini joto linaongezeka, udongo umechoka, na wakulima wengi wameng'oa mitufaha wakapanda michungwa.

Kwetu nyanda za juu zipo. Lushoto ina plamu na peasi, Njombe kuna wanaojaribu matufaha, ingawa yanayopangwa kwenye meza za Kariakoo mengi bado yametoka Afrika Kusini. Kinachokosekana si mti. Kibarua bado ni wa bei nafuu, na mkazi wa Dar es Salaam ana michungwa ya bibi yake Muheza. Mwambie alipe kiingilio achume mwenyewe, atadhani unamtania. Wanawe waliozaliwa Kimara, wanaoijua Muheza kwa simu tu, huenda wakalipa.