"Ni Kweli": Istilahi ya Ukiri Usio na Utata

Katika korti ya hakimu nchini Kenya, iwe Nakuru mjini, Molo au Naivasha, shtaka likisomwa kwa Kiswahili mshtakiwa hujibu "ni kweli" au "si kweli". Akisema "ni kweli" na kutiwa hatiani, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai humfungia mlango wa rufaa dhidi ya hatia. Humwachia kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu, basi. Hata hivyo majaji wa Mahakama Kuu huufungua mlango huo pale ukiri wenyewe ulipokuwa na utata.

Badala ya "ukiri usio na utata", wapo wanaopendelea "ukiri usio na shaka". Siafiki. Shaka hukaa moyoni mwa hakimu anayepima ushahidi. Utata hukaa ndani ya maneno ya msemaji. Istilahi ya Kiingereza, "equivocal", nayo ina mzizi wa Kilatini wenye maana ya sauti zilizo sawa: kauli moja inayoita maana mbili kwa nguvu ileile.

Kosa la kughushi ndilo linaloonyesha hatari ya utata huo waziwazi. Kughushi, kwa asili, ni kuchanganya kitu safi na kisicho safi ili kudanganya, kama atiaye maji kwenye maziwa ya kuuza. Hila imo ndani ya neno. Kifungu cha 345 cha Sheria ya Adhabu pia hudai nia ya kulaghai au kudanganya.

Sasa mfikirie mama wa Njoro aliyetia sahihi ya mumewe kwenye fomu ya ushirika wa maziwa, akiamini mumewe amemruhusu. Shtaka linasomwa, anajibu: "Ni kweli, niliandika mimi." Amekiri kazi ya mkono wake. Nia hajaigusa, na kughushi hati ya kawaida kunaweza kumfunga miaka 3.

Ndiyo maana katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya tukio na kuruhusiwa kuyapinga. Mama yule akitamka wakati huo, "lakini mzee alinituma," hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Asiposikilizwa, ana siku 14 za kukata rufaa, na jambo la kwanza la kutafuta katika kumbukumbu za korti ni sentensi hiyo.