Kambi, Hongo na Njia ya Ujiji

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa mlolongo wa kambi. Ilivuka mto Kingani, yaani Ruvu, ikafuata bonde la Mkondoa, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, kisha ikaingia Unyamwezi hata Tabora. Hapo iligawanyika: tawi moja likaelekea kaskazini hata Karagwe na Buganda, na jingine likavuka Malagarasi hata Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na mji wa Tabora, mwezi wa Novemba.

Yasemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kilipelekwa bara na wafanyi biashara wa pwani. Kauli hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Waliokuwa wengi kambini ni wapagazi, na sehemu kubwa yao walikuwa Wanyamwezi waliochukua mizigo kwa ujira, kila mmoja yapata frasila mbili begani. Kando yao walikuwamo pia mateka waliopelekwa pwani kuuzwa, ambao hawakuulizwa hiari yao. Watu wa makabila mbalimbali walipikia pamoja, wakagawiwa posho kwa kibaba, wakamfuata kirangozi mmoja. Nao hawakuwa na budi kupata lugha moja.

Neno kambi lenyewe lastahili kuangaliwa. Kwa mlio wake ni rahisi kudhani kwamba liliingia pamoja na utawala wa Waingereza. Lakini Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliliandika khambi, akilitumia kwa boma la miiba na vibanda vya nyasi ambamo misafara ililala. Wakati huo Waingereza hawakuwa na utawala wowote katika njia hiyo. Mfanano wa sauti si nasaba; tarehe ya ushahidi yatangulia.

Neno la pili ni hongo. Katika Ugogo maji yalikuwa haba, na visima vilichimbwa kwa taabu ya wenyeji. Msafara wa watu mamia, ukikaa siku mbili tatu, waliweza kuyamaliza maji ya kijiji na kula nafaka iliyowekwa kwa kiangazi. Kwa hiyo watawala wa Ugogo walidai hongo kabla ya kuwapa wageni ruhusa ya kupita. Hongo ililipwa kwa nguo, nayo ilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili. Nguo hiyo mara nyingi ilikuwa merikani, ambayo jina lake lingali likitaja nchi ilikotoka. Mashauri yaliweza kuchukua siku kadhaa, na wenye msafara walinung'unika sana.

Katika mto Malagarasi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wavinza walishika kivuko na mitumbwi yake, wakatoza malipo. Na karibu nao zilikuwapo chemchemi za chumvi, iliyouzwa mbali. Msafara uliokuwa na bunduki nyingi ulilazimika hata hivyo kupiga kambi ukingoni na kungojea neno la mwenye mto. Amri ya njia haikuwa mikononi mwa msafiri peke yake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikahama kutoka mabegani mwa watu. Maneno yalibaki. Posho ni posho hata leo, na kambi ni kambi. Hongo peke yake iligeuka: leo ni jina la rushwa. Kilichokuwa haki ya mtawala juu ya maji yake kimebaki katika lugha kama kosa la jinai. Maana iliyoshinda ni ile ya mlipaji aliyenung'unika, si ya mwenye kisima.

Kwa hiyo mtunga kamusi aandikapo maana ya leo bila kutaja ya kwanza, hasahau jambo dogo. Anaitoa hukumu ya kesi ya zamani baada ya kumsikiliza shahidi mmoja tu.