Maneno ya Kununulia Simu

Shangazi yangu alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 34, na kustaafu hakukumwondolea tabia ya kusikiliza maneno. Kitochi chake kilipotumbukia kwenye ndoo ya maji, alinipigia kwa simu ya jirani akasema: "Mwanangu, Jumamosi nipeleke Kariakoo. Nataka simu ya kupangusa."

Kupangusa. Alilitaja jambo lenyewe ambalo kidole kitakuwa kikilifanya kutwa nzima, kupita juu ya kioo kama kitambaa kinavyopita juu ya meza yenye vumbi. Wapo wanaosema simu ya kugusa, wapo wanaosema simu ya tachi. Ile ya vitufe tumeiita kitochi kwa sababu ya taa yake, au kiswaswadu. Kenya wakaiita mulika mwizi, jina ambalo ukilisikia tu unauona usiku, mbwa wanabweka, na mtu kasimama mlangoni kanyoosha mkono wenye simu. Majina haya hayakupitishwa na kikao chochote. Nimeyapenda kwa miaka mingi, na Jumamosi ile nilipata sababu ya kuyaheshimu: nilimwona mtu akiokoa pesa zake kwa kudai neno linaloeleweka.

Tuanze na simu yenyewe, maana neno hili ni la kale kuliko chombo. Lilitoka Uajemi, ambako sim ni fedha, ile madini, na pia ni waya. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja. Kwa watu wa pwani, simu ikawa habari iliyopita kwenye waya, na karani aliyekuwa akiipeleka alikuwa akigonga kitufe kwa kidole, tik-tik, tik-tik. Naamini kupiga simu kwetu kulianzia kwenye kidole kile. Wengine hudhani neno limetokana na kile kikadi cha SIM, lakini hizo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, nazo zilitukuta tayari tuna simu zaidi ya karne moja. Kikadi chenyewe tumekiita laini, nayo ni waya vilevile!

Leo waya umetoka mkononi na jina limebaki, wala halikukosea. Mnara ulio karibu na nyumba yako unaongea na simu kwa mawimbi, lakini nyuma yake kuna mikongo iliyofukiwa ardhini, na mbele zaidi kuna mikongo iliyolala baharini, kama ule wa SEACOM ulioanza kazi Julai 2009 na kutua Dar es Salaam. Picha ya mjukuu inayotoka Muscat asubuhi inapita baharini, njia ileile ya majahazi. Kila tunaposema simu tunasema waya, na waya upo.

Kariakoo nayo ni neno la aina hiyo. Ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, limepita vinywani mwetu mpaka likasahau lilikozaliwa. Nalitaja kwa sababu kila nikiandika kuhusu istilahi hupata ujumbe wa kunitaka nilaani maneno ya kukopa. Siyalaani. Siwezi kusimama Kariakoo nikalaani kukopa.

Basi tukafika mtaa wa Aggrey. Kijana wa dukani alikuwa na adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama yangu, karibu. Hii hapa mashine, ful boksi. RAM nane, memori mia na ishirini na nane, betri elfu tano, kamera hamsini, waranti mwaka mzima."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena, akasoma boksi pande zote nne. Kisha akasema kwa upole: "Umenitajia namba nyingi, mwanangu. Hiyo ya nane na hiyo ya mia na ishirini na nane, ipi ni memori?"

"Zote memori, mama."

Hapo ndipo penye shida, na kosa si la kijana. Kwa Kiingereza vitu viwili vimepewa jina moja, nasi tumeupokea mkanganyiko huo mzima mzima. Kimoja ni mahali pa kufanyia kazi: programu unazofungua sasa hivi hukaa hapo, na simu ikizimwa panafutika. Kingine ni mahali pa kuwekea: picha, nyimbo na mafaili hukaa hapo mpaka uyaondoe mwenyewe. Nilimweleza shangazi hivyo. Akafikiri kidogo akasema, "Ala! Kumbe kimoja ni ubao, kingine ni kabati."

Nimefanya kazi ya maneno muda mrefu, na sijasikia ufafanuzi bora. Ubao ukiwa mdogo, mwalimu hufuta kila dakika ndipo aandike tena, na darasa linakwenda polepole. Kabati likijaa, hakuna pa kuweka daftari jipya, hata ubao uwe mkubwa namna gani. Anayelalamika kwamba simu yake inaganda akifungua programu tatu ana shida ya ubao; hakuna haja ya kumfutia picha za harusi. Anayeambiwa hakuna nafasi ya kupokea video ana shida ya kabati. Wanaistilahi wametupa hifadhi kwa lile kabati, na neno hilo limekaa vizuri kabisa. Ubao bado unatangatanga kati ya RAM, memori na kumbukumbu, na katika kutangatanga huko watu wanapoteza pesa.

Tazama mfano ule ule wa RAM nane. Shangazi aliligeuza boksi, akaonyesha maandishi madogo chini: 4+4. "Hii kujumlisha ni ya nini?" Kijana akanyoosha maelezo, tena kwa ukweli: nne ni RAM yenyewe, nne nyingine inaazimwa kutoka kwenye hifadhi. Mtindo huu umeenea sana katika simu za bei ya kati, na hauvunji kanuni yoyote, mradi boksi liseme. Lakini hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi. Shangazi akamalizia mwenyewe: "Yaani mmechukua mlango wa kabati mkaandikia." Kijana akacheka, akashuka bei kidogo, akatoa nyingine yenye nane za kweli.

Mkono wa muuzaji ulikuwa tayari umenyooka kwenye kamera. Hapo mtaa umejipatia msamiati wake zamani. Simu yenye lenzi tatu nyuma ni macho matatu, basi, na kila mtu ameelewa.

Swali lililofuata ndilo ninalotaka kulikalia. Shangazi aliuliza: "Inakaa na chaji?"

Kukaa ni kitenzi kikubwa. Mtu anakaa Temeke, rangi imekaa ukutani, vazi limemkaa bibi harusi, mgeni amekaa siku tatu. Ndani yake mna kuishi, kudumu na kutulia mahali kwa ridhaa. Betri ya mAh 5,000 ni ukubwa wa pipa. Haikuambii bomba linavuja kiasi gani. Kioo king'avu kinakunywa, prosesa inakunywa, na mtandao dhaifu unainywesha simu kupita kiasi kwa sababu inahangaika kuutafuta mnara. Ndiyo maana simu mbili zenye namba moja ya betri, moja hulala saa kumi jioni na nyingine hufika kitandani na mwenyewe. Inakaa na chaji ni kipimo cha mtumiaji. Sijaona istilahi ya ofisini inayoikaribia, na ningependa wanaotunga maelezo ya bidhaa kwa Kiswahili wailete hiyo mbele ya namba. Kijana alijibu kwa lugha ileile: "Asubuhi mpaka usiku, mama, kama huangalii sana video." Hilo ni jibu la mtu mkweli.

Kuganda pia ni hazina. Damu huganda, uji huganda, samli huganda, na simu iliyokataa kusikia kidole imeganda. Jirani zetu wengine husema inahangi. Mimi nitashika kuganda, maana mtoto wa miaka minne analielewa bila kufundishwa.

Kuhusu neno janja nina la kusema, ingawa limeshaweka makazi. Tunaandika simujanja, saajanja, na mimi naandika hivyo. Ila mjanja wa Kiswahili ni sungura, ambaye akili yake huishia kwenye tumbo lake mwenyewe. Mwerevu huelewa; mjanja hupata njia. Programu ya tochi inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote ya marafiki zako ni mjanja kwa maana ile ya zamani kabisa. Neno libaki, na mnunuzi akumbuke maana zake zote mbili.

Kabla ya kulipa nilimwomba shangazi abonyeze *#06#. Zikatokea tarakimu 15, tukazilinganisha na zile za kwenye boksi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu zisizo halali Juni 2016, wengi tuliijua namba hii kwa mara ya kwanza, nayo ikaitwa namba tambulishi. Jina zuri: linatambulisha, basi. Simu zenyewe ziliitwa feki mtaani na bandia magazetini. Ningeomba tusiliache bandia lipotee. Katika Kiswahili cha zamani bandia ni mwanasesere, mtoto wa vitambaa anayebebwa mgongoni na msichana mdogo. Simu bandia inafanana na simu kama mtoto wa bandia anavyofanana na mtoto. Feki haina picha hiyo.

Kijana alituonyesha pia saajanja. Ilikuwa 10:20 kwenye kioo chake, na shangazi akaisoma bila kusita: "Saa nne na dakika ishirini." Siku yetu inaanza jua linapochomoza, na hakuna kiwanda kilichotubadilisha, jicho linaona kumi, mdomo unasema nne. Mgongoni mwa saa taa ya kijani ilikuwa ikimemeteka. Damu ni nyekundu na hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapodunda na damu kujaa mshipani, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa inahesabu. Kioo kikaandika mapigo 78. Mapigo ya moyo! Neno lilikuwapo, likingoja chombo.

"Halafu mama, hii haiingii maji."

Hapa nilimkatiza, kwa heshima. Haiingii maji ni ahadi ya milele, na hakuna saa wala simu inayoweza kuitimiza. Alama ya IP68 ina maana kwamba kifaa kimepimwa ndani ya maji baridi kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji, mara nyingi mita 1.5 kwa dakika 30. Alama ya 5ATM inataja shinikizo la maji yaliyotulia yenye kina cha mita 50, na anayepiga mbizi haruhusiwi kuitegemea. Chumvi ni habari nyingine kabisa, inakula mpira wa kuzibia na inakula chuma. Kijana anayeruka ukutani Forodhani akiwa na saa ya namna hiyo mkononi ameuziwa kitenzi kibaya. Kitenzi sahihi tunacho: inahimili maji. Kuhimili kuna kikomo ndani yake. Punda anahimili mzigo, na kila mwenye punda anajua mwisho wake. Wauzaji na watangazaji, tafadhali, semeni inahimili. Shangazi hakuinunua ile saa.

Mtu anaweza kuuliza, basi wanaistilahi wana kazi gani, ikiwa mtaa unatosha? Wana kazi kubwa, na wanapoifanya vizuri hatuwakumbuki. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na neno kishikwambi, yaani tableti, lilipoanza kusikika watu walilicheka. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakabisha hodi mlango kwa mlango wakiwa na vishikwambi mikononi, baadaye vikagawiwa walimu, na kicheko kikaisha. Neno lilihitaji kuonekana na kitu chake. Tarakilishi imekaa katika vitabu vya shule vya Kenya, huku Tanzania tukisema kompyuta, na wote tunaelewana. Lakini kupakua halikuhitaji hata msaada. Lilikuwa neno la bandarini na la jikoni, la shehena na la wali, likaingia kwenye simu likiwa limeshiba maana.

Shangazi alilipa, akadai risiti ya mashine, akaiweka pamoja na karatasi ya dhamana ndani ya boksi. Jioni ile nilimwekea simu yake kwa Kiswahili. Alisoma Mipangilio, akasoma Hifadhi, akasoma Hali ya ndegeni akatabasamu. Kisha kidole kikasimama. "Ghairi," alisema polepole. "Wanafunzi wangu wa mwisho walikuwa hawalijui neno hili. Nililifundisha kwa kulieleza: mtu kakusudia safari, kisha kaghairi." Sasa limo chini ya dole gumba la kila anayekubali kulisoma.

Msomaji, simu yako huenda bado inasema Kiingereza kwa sababu hukuwahi kuiuliza. Katika simu nyingi za Android fungua mipangilio, ingia kwenye mfumo, tafuta lugha, chagua Kiswahili. Ni kazi ya dakika moja.