Herufi ya Neuland na Sura ya Afrika

Herufi za chapa zina historia yake kama maneno, ingawa azisomaye huikumbuka mara chache. Mfano mmoja ni aina ya herufi iitwayo Neuland, yaani "nchi mpya" kwa Kijerumani. Ilitolewa mwaka 1923 na kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor, mjini Offenbach, Ujerumani. Mbuni wake ni Rudolf Koch (1876–1934), bingwa wa mwandiko wa mkono, aliyeingia kazini humo mwaka 1906.

Desturi ilikuwa msanii achore herufi kwenye karatasi, kisha fundi mwingine aichonge katika ncha ya kipande cha pua. Pua hiyo iligongwa juu ya shaba ili kuacha kalibu, na ndani ya kalibu ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Koch aliiruka hatua ya kwanza: alichonga pua kwa mkono wake bila mchoro wowote. Ndiyo maana herufi ileile haifanani sawasawa katika vipimo mbalimbali. Neuland haina herufi ndogo. Mistari yake ni minene, ya upana karibu mmoja, na maneno yakipangwa huwa kama ukuta mweusi. Kwa hiyo ilifaa zaidi matangazo na majalada kuliko habari ndefu.

Koch hakuikusudia Afrika. Hata hivyo, katika Ulaya na Marekani herufi hii, pamoja na zilizoiiga, ilikuja kuwa vazi la kawaida la vitabu vihusuvyo Afrika, riwaya za Waafrika wenyewe zikiwemo. Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park, isiyohusu Afrika hata kidogo, iliandika jina lake kwa Neuland yenye mstari katikati. Kinachoziunganisha riwaya hizo na wanyama wa kale ni wazo moja tu: pori.

Wazo hilo lina chimbuko. Wachoraji wa kundi la Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, walivutiwa na vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, na picha zao za kuchonga katika mbao zilifuata ukali huo. Macho ya Wazungu yakazoea kuona alama ya patasi kuwa ni alama ya mambo yasiyostaarabika, na Neuland ina alama hiyo.

Tukitafuta ushahidi wa maandishi katika pwani yetu, twaona mambo mengine: misahafu ya Siyu iliyopambwa kwa nakshi, tendi zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu, na gazeti la Msimulizi lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Hakuna hata kimoja kinachofanana na Neuland. Kazi ya Koch ni ya fundi stadi, wala haina lawama. Lakini mchapishaji anayeiweka juu ya kitabu cha Kiafrika hana budi kujua kwamba sura anayokipa si ya Afrika, bali ni ya Afrika kama ilivyodhaniwa na wageni.