Darubini ya Mtumba Nyumbani: Hukumu Yake, Ununuzi Wake na Kuutazamia Mwezi

 

Katika maduka ya vitu vilivyotumika, Unguja na Pemba, si ajabu siku hizi kukuta darubini ya nyota imelazwa baina ya mafriji na baiskeli za watoto zilizoshushwa kwenye kontena. Mzazi huinunua, na akifika nayo nyumbani maswali huanza. Hii si falaki? Mbona haionyeshi kitu? Na kubwa zaidi ni la jioni ya mwezi 29 Shaaban: kijana wetu akiuona mwezi ndani ya darubini na mtaa mzima haukuuona, tufunge?

Falaki ipi?

Neno "falaki" kwetu limeharibika. Ukisikia fulani anapiga falaki, unafahamu ramli, nyota ya mtu, na kutafuta siku ya kufunga ndoa. Hiyo ni haramu, na hapana haja ya kurefusha maneno. Wanazuoni wameigawa elimu ya nyota mafungu mawili. La kwanza ni elimu ya taathiri, kudai kuwa nyota zinaleta kheri na shari katika maisha ya watu. La pili ni elimu ya tasyiri, yaani kujua mwendo wa sayari na nyota ili kupata nyakati, kibla na njia. Hili la pili ndilo walilolitegemea manahodha wetu, na ndilo linalotoa jedwali la nyakati za Sala lililotundikwa katika kila msikiti. Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah anatueleza kuwa ameukadiria mwezi vituo vyake ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Imam Bukhari amemnukuu Qatada, mmoja wa Tabi'ina, akieleza kuwa nyota zina kazi tatu: pambo la mbingu, vimondo vya kupigia mashetani, na alama za kuongozea njia.

Kwa hiyo kumiliki darubini na kuitazamia mbingu kunajuzu, na kwa mwenye nia ya kuzingatia uumbaji wa Allah ni jambo la kupendeza. Lakini ipo haramu moja iliyo karibu nayo sana. Mji Mkongwe nyumba zimebanana, sakafu ya huyu inatazamana na dirisha la yule. Darubini inayomwonyesha mtu mashimo ya mwezi inaweza kumwonyesha pia aliyemo chumbani mtaa wa pili. Kuchungulia nyumba za watu kumekemewa vikali katika Hadithi sahihi. Mzazi asimwachie kijana darubini sakafuni peke yake, na majirani waambiwe mapema ni ya kazi gani.

Kabla ya kutoa pesa

Darubini nyingi za mtumba zinazotufikia ni zile za bomba refu jembamba lenye lenzi mbele, upana wa milimita 60 au 70. Jambo la kwanza ni kutolisoma boksi. Boksi litaandikwa "mara 525" kwa herufi kubwa. Hesabu yake hii hapa: chukua urefu wa mwanga ulioandikwa kwenye bomba, tuseme milimita 700, ugawe kwa nambari ya lenzi ya jicho. Lenzi ya 25 inakuza mara 28, ya 10 inakuza mara 70, ya 4 inakuza mara 175. Ukiichomeka hiyo ya 4 pamoja na lenzi ya Barlow ya mara 3, ndiyo hiyo 525. Hesabu ni sahihi, lakini taswira haifai, kwani darubini ya upana wa milimita 60 haibebi zaidi ya mara 120 hivi. Zaidi ya hapo ni ukungu unaotetemeka tu. Ukiikuta na lenzi za 25 (au 20) na 10, umepata kinachohitajika. Zilizobaki waachie wenye duka.

Pima kipenyo cha shingo ya lenzi ya jicho. Za zamani ni milimita 24.5, za kawaida ni 31.7. Ikiwa ni ile nyembamba, kupata lenzi nyengine nzuri baadaye ni tabu. Uliza pia kile kiwiko chenye kioo kinachogeuza mwanga ili utazame kwa kuinama kidogo. Bila ya hicho shingo itakuuma kitu kikiwa juu, na darubini nyengine hazipati taswira kabisa. Halafu washa tochi ya simu, mulika upande mmoja wa bomba utazame upande wa pili. Vumbi si neno. Mkwaruzo mdogo si neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui baina ya vioo, huo ni ukungu ulioota, na kwa unyevu wa visiwani utaendelea kula kioo. Lenzi ya mbele kwa kawaida ni vioo viwili vilivyopangwa pamoja. Aliyekwisha kuvifungua bila ya ujuzi ameiharibu, hata kama imerudi kung'ara.

Hapa fiqhi inaingia dukani. Muuzaji akijua kasoro lazima aiseme, na mnunuzi akiigundua kasoro ya tangu dukani, iliyopunguza thamani, ana hiari ya kurudisha, mradi asichelewe baada ya kujua.

Kitu kimoja kikiwemo ndani ya boksi kitoeni na kivunjeni: kile kioo kidogo cheusi cha kutazamia jua kinachosokotwa kwenye lenzi ya jicho. Mwanga wote wa jua hukusanyika hapo, kioo hupata moto na kinaweza kupasuka wakati jicho liko juu yake. Jicho huungua mara moja, na ndani ya jicho hakuna maumivu ya kumwonya mtu. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa nchini Tanzania, watu wengi walitafuta vifaa vya kulitazamia. Kwenye kusufu kinachotakiwa ni Sala na istighfari. Mwenye kutaka kutazama awe na kichujio maalumu kinachofunika lenzi ya mbele, bila ya hicho asiielekeze darubini juani kabisa.

Kiti chake na mbingu yetu

Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kitakwambia uelekeze mhimili wa kiti kwenye nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5, na nyota hiyo iko chini ya upeo wetu, haionekani. Viti vya aina hiyo, vyenye uzito wa kusawazisha, mara nyingi haviwezi hata kulazwa hadi nyuzi 6. Uzito unagonga mguu. Chagua kile cha kawaida kinachokwenda juu na chini, kulia na kushoto. Miguu mitatu ikitikisika, tundika mfuko wa mchanga katikati yake.

Ile darubini ndogo ya kulengea irekebishe mchana: elekeza kubwa kwenye ncha ya mnara wa simu ulio mbali, upande usio na jua, kisha usokote skrubu za ndogo mpaka nayo ionyeshe ncha ile ile. Asiyefanya hivi ndiye anayesema darubini haionyeshi kitu. Na asishangae kuona mnara kichwa chini, au kushoto na kulia vimebadilishana. Ndivyo inavyofanya kazi, na nyota hazina juu wala chini.

Anza na mwezi wa siku ya saba au ya nane, si wa mpevu. Mwezi mpevu hauna vivuli, unaumiza jicho tu. Tazama mstari unaotenganisha mwanga na kiza, milima na mashimo yatasimama. Mushtari utaiona na miezi yake minne iliyopangika mstari, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake imehama. Zohali ina pete, ingawa mwaka 2025 zilitugeukia kwa ubavu zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka tena. Zuhura ina hilali yake kama mwezi. Kilimia, ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, kitazame kwa lenzi ya 25. Watoto wanaosoma Kiarabu chuoni watafurahi kujua kuwa majina mengi ya nyota katika vitabu vya Kizungu ni ya Kiarabu: Rigel ni rijl, mguu, Aldebaran ni ad-Dabaran, mfuataji, kwa kuwa inaifuata Thurayya, Fomalhaut ni mdomo wa samaki.

Jioni ya tarehe 29

Sasa tuje kwenye mwandamo. Hapa darubini hutumika kwa lenzi yenye kukuza kidogo, mara 20 hadi 30, ili ienee sehemu kubwa ya mbingu. Nenda penye upeo wa magharibi ulio wazi baharini, Mangapwani kwa Unguja, Mkoani kwa Pemba. Jambiani kunatazama mashariki, hakufai kwa kazi hii. Usiielekeze mpaka jua lizame lote, kwani mwezi mchanga uko jirani nalo. Kwetu hilali mara nyingi hulala kama ngalawa, haisimami kama katika picha. Na ikiwa umbali wa mwezi na jua haujafika nyuzi 7 hivi, hautaonekana hata ukiwa na darubini. Imam Taqiyyuddin as-Subki, katika mashekhe wa madhehebu yetu ya Shafii, alisema kuwa ushahidi wa kuona unakataliwa hesabu ikithibitisha kwa yakini kuwa haiwezekani kuonekana. Wengine hawakumfuata katika hilo.

Je, aliyeuona kwa darubini ameuona? Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria) amesema katika Tuhfa kuwa kuona kwa njia ya kioo cha kujitazamia na mfano wake hakuhesabiki, na ash-Sharwani katika maelezo yake akaingiza humo bilauri inayokurubisha kilicho mbali na kukuza kidogo. Hii ndiyo kauli wanayoishika baadhi ya mashekhe wetu, na ina heshima yake. Kwa upande wa pili, Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia mwaka 1403 Hijria (1983) lilikubali kuona kwa darubini, hata kama jicho tupu halikuona. Mimi naiona kauli hii ya pili ndiyo yenye nguvu. Kioo cha kujitazamia kinarudisha sura, ama lenzi inapitisha mwanga wa mwezi wenyewe, na hakuna anayekataa ushahidi wa mvaa miwani.

Hata hivyo kuona ni jambo moja, na kutangaza ni jingine. Ibn Umar (R.A.) alipouona mwezi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia, na Mtume ndiye aliyewaamrisha watu kufunga. Kwa madhehebu yetu Ramadhani inathibiti kwa shahidi mmoja mwadilifu, na Shawwali kwa wawili. Basi kijana akiuona, mwite mtu mzima wa pili autazame hapo hapo kabla haujatua, aandike saa na upande ulipokuwa kutoka jua lilipozamia, kisha ajaribu kwa jicho tupu, maana aliyekwisha kujua pahala pake mara nyingi huuona bila ya kioo. Habari ipelekwe kwa sheha au Ofisi ya Mufti usiku ule ule, bila ya kupita kwenye makundi ya simu. Ushahidi ukikataliwa, familia itafuata tangazo pamoja na Waislamu wenzao. Ama aliyeuona kwa jicho lake tupu na akawa na yakini, kwa Shafii atafunga yeye mwenyewe kwa Ramadhani, na kwa Shawwali atafungua kwa siri.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.